Siku Kumi Gujarat: Sayansi Jinai si Kama ya Kwenye Tamthilia

Tangu turudi kutoka India, swali ninaloulizwa kantini, kwenye foleni ya maktaba na hata kwenye kundi letu la WhatsApp la darasa ni moja tu: "Kwa hiyo sasa unaweza kumjua aliyeiba simu yangu?" Jibu ni hapana. Sababu za jibu hilo ndizo zilizonifanya niombe nafasi kwenye jarida hili, maana naona wengi wetu tunaijua sayansi jinai kupitia tamthilia, ambako mpelelezi anaokota unywele mmoja, anauweka kwenye mashine, na kabla tangazo halijaingia picha ya muuaji imeshatokea kwenye skrini.

Tulikwenda sita. Wanne wa kemia na baiolojia, mmoja wa sheria, na mimi wa ualimu. Waliotualika walitaka angalau mtu mmoja atakayekwenda kufundisha sekondari, na masomo yangu ya kufundishia ni kemia na baiolojia. Malazi na chakula walilipa waandaaji. Nauli kila mtu alijitafutia, na wapo wenzetu wawili ambao bumu lao liliishia lote kwenye tiketi. Nalisema mapema ili atakayeomba mwakani ajipange. Jambo jingine la kujipanga nalo ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano. India hawana mzaha nayo kwa msafiri anayetakiwa kuwa nayo, na chanjo inahesabika kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchoma jana na kusafiri leo hakukusaidii kitu.

Tulishuka Mumbai, tukaunganisha hadi Ahmedabad, mji mkubwa wa jimbo la Gujarat, na warsha yenyewe ikawa Gandhinagar, makao makuu ya jimbo. Habari za chakula nazipita haraka: dengu, roti, wali, achari na mtindi, nyama ni ya kutafuta kwa tochi, na pombe imepigwa marufuku kisheria jimboni. Mtu wa pwani hatajiona mgeni kabisa, kwa sababu duka kwao ni dukan, na mia elfu wanaiita laki kama sisi. Siku ya mapumziko tulipelekwa kuuona msikiti wa Sidi Saiyyed, uliojengwa miaka ya 1570 na mtu wa asili ya Uhabeshi, wenye dirisha la jiwe lililochongwa mfano wa mti wenye matawi yaliyosokotana. Nilisimama pale mpaka nikaitwa.

Lakini kwa nini India? Mwenzetu wa sheria ndiye aliyetufungua macho tukiwa bado kwenye ndege. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, iliyotungwa chini ya utawala wa Waingereza, ndiyo iliyotumika Tanganyika kwa miongo kadhaa, mpaka tulipotunga Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967. Yaani namna mahakama zetu zilivyoanza kupima maoni ya mtaalamu ilitoka huko. Wenyewe wameiacha juzi tu, Julai 2024, wakaweka mpya.

Alama za vidole nazo zina historia ndefu kule. Mwaka 1858, huko Bengal, afisa Mwingereza William Herschel alianza kuwataka watu aliowekeana nao mikataba wapige muhuri wa kiganja badala ya saini tu. Mwaka 1897 ofisi ya kutunza na kupanga alama za vidole ikaanza kazi Calcutta. Mfumo wa kuzipanga ulipewa jina la mkuu wa polisi, Edward Henry, ila hesabu zenyewe zilipigwa na wasaidizi wake wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Enzi hizo hakuna kompyuta. Shida haikuwa kuchukua alama, shida ilikuwa kuipata tena: una kadi laki moja kabatini, utaitafutaje moja? Wao wakagawa kadi zote katika visanduku 1,024, yaani 32 mara 32, kwa kuangalia ni vidole gani vina mzunguko na vipi havina. Mwaka 1901 Scotland Yard ya London ikauchukua mfumo huo. Jina likabaki la bosi. Waliowahi kufanya utafiti chini ya mtu mwingine watanielewa.

Kwa anayetaka kuisomea fani yenyewe: Gujarat ndiko kilikoanzishwa, mwaka 2009, chuo kikuu cha sayansi jinai ambacho mwaka 2020 kilifanywa cha taifa zima, National Forensic Sciences University. Mwaka 2023 kilifungua tawi Jinja, Uganda. Jinja unafika kwa basi.

Sasa warsha. Siku ya kwanza hatukugusa hata darubini. Tulipelekwa kwenye chumba kilichopangwa kama eneo la tukio: kitanda, meza, kikombe kilicholala ubavu, sanamu ya mtu sakafuni, dirisha lililofunguliwa nusu. Mkufunzi wetu, mama mmoja aliyefanya kazi maabara miaka mingi na ambaye wote tulimwita Madam, akauliza kitu cha kwanza kufanya ni nini. Mmoja akasema kuvaa glavu. Mwingine akasema kupiga picha. Yeye akasema, "Wekeni mikono mifukoni." Tukasimama mlangoni dakika kumi tukiangalia tu, na kuandika tulichokiona bila kuandika tunachokidhani. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Jamaa mmoja wa Nepal aliandika kwamba chai imemwagika. Madam akamuuliza, "Umeionja?" Kilichoonekana ni kimiminika cha rangi ya kahawia. Chai ni hitimisho, na hitimisho lina wakati wake.

Sababu ya mikono mifukoni ni kanuni ya Edmond Locard, Mfaransa aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910. Kwa kifupi: vitu viwili vikigusana, kila kimoja humwachia mwenzake kitu. Mwizi anaacha nyuzi za shati lake na anaondoka na vumbi la chumba chako. Wengi huishia hapo. Lakini kanuni hiyo haijali kama wewe ni mwizi au ni askari. Jirani aliyeingia kutoa pole, mlinzi aliyefunga dirisha, rafiki aliyekaa kitandani, wote wanaacha na wote wanachukua. Zifikirie hosteli zetu. Laptop ikipotea, ndani ya dakika tano chumba kina watu kumi na tano, na mmoja wao tayari ameshika kitasa "aone kama kimevunjwa".

Baada ya kuangalia ndipo zinakuja picha. Kwanza chumba kizima kutoka kila kona, kisha za umbali wa kati, kisha za karibu, na za karibu hupigwa mara mbili: bila rula na ikiwa na rula pembeni. Picha ya alama ya kiatu isiyo na kipimo haiwezi kukuambia ni kiatu namba ngapi. Kisha mchoro wenye vipimo. Ndipo vitu vinaanza kuokotwa, na hapo nikakutana na kitu nisichokitarajia. Maabara ina mashine za mamilioni, lakini kifungashio wanachokipenda kuliko vyote ni bahasha ya kaki. Nguo yenye damu au jasho ukiiweka kwenye mfuko wa plastiki, unyevu unabaki ndani, bakteria na ukungu wanazaliana, vinasaba vinaharibika. Karatasi inapitisha hewa. Kila nguo bahasha yake, nguo mbili hazilali pamoja. Mdomo unafungwa kwa utepe na saini inapita juu ya utepe mpaka kwenye bahasha, ili mtu akiufungua na kuubandika tena mistari ya saini isikutane. Bahasha hii nitairudia.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa za alama za vidole, na hapa mwalimu aliyemo ndani yangu alifurahi sana. Mistari ya vidole hujengeka mtoto akiwa bado tumboni, na huathiriwa na mambo madogo madogo ya humo tumboni, ndiyo maana mapacha wa kufanana hawana alama sawa ingawa vinasaba vyao ni vilevile. Kuna mafungu makuu matatu. Vitanzi ndivyo vingi, kati ya asilimia 60 na 65 ya alama zote. Mizunguko ni kati ya 30 na 35. Matao ni machache, kama asilimia 5. Angalia vyako hapo ulipo. Lakini fungu peke yake halimtambulishi mtu yeyote. Kinachotafutwa ni vituo vidogo ndani ya mistari: pale mstari unapokatika ghafla, unapogawanyika kama njia panda, unapojitenga ukawa kisiwa, na vituo hivyo vimekaaje kimoja kwa kingine.

Namna ya kuzitoa inategemea alama iko juu ya nini. Kwenye kioo unapakaza unga laini kwa brashi, unanasa kwenye jasho na mafuta, kisha unaunyanyua kwa selotepu. Kwenye karatasi wanatumia kemikali iitwayo ninhidrini, inayoungana na asidi amino za jasho na kutoa rangi ya zambarau. Kwenye plastiki wanatumia gundi kali ileile ya fundi viatu: inapashwa moto ndani ya sanduku lililofungwa, mvuke wake unaganda juu ya mistari na alama inatokea nyeupe. Somo la BTP nimeshaliandaa. Mkaa uliosagwa na kuchekechwa kwa kitambaa, brashi laini ya poda, selotepu na karatasi nyeupe. Darasa zima halinimalizii elfu tano, na sidhani kama kuna mtoto wa kidato cha pili atakayesinzia.

Sasa tuje kwenye mipaka, sehemu ambayo tamthilia hairushi. Alama ya kidole inasema kidole hiki kiligusa hapa. Haisemi lini, wala haisemi kwa nini. Alama ya mtu unayekaa naye chumba kimoja ikionekana kwenye kabati lako, umejifunza kwamba mnakaa chumba kimoja. Na hata hilo la "kidole hiki" lina mtu nyuma yake, mtu aliyeangalia na kuamua.

Machi 2004 mabomu yalilipuka kwenye treni mjini Madrid, Hispania, yakaua watu zaidi ya 190. Polisi wa huko walipata mfuko wa plastiki wenye vilipuzi na alama ya kidole, wakaisambaza kwa wenzao wa nchi nyingine. Kompyuta ya FBI ilitoa orodha ya watu wenye alama zinazokaribiana, mmoja wao akiwa Brandon Mayfield, wakili wa jimbo la Oregon, Marekani. Wataalamu wa FBI wakasema ni yake, bila shaka. Mayfield alikuwa amesilimu, na aliwahi kumtetea kwenye kesi ya malezi ya mtoto mtu aliyetiwa hatiani kwa kutaka kuwasaidia Taliban. Wahispania wakasema hapana, sisi hatuioni hiyo. Akakamatwa hivyohivyo Mei 2004 na kukaa ndani kama wiki mbili, mpaka Wahispania walipompata mwenye kidole, raia wa Algeria. FBI ikaomba radhi, na mwaka 2006 serikali ya Marekani ikamlipa dola milioni 2.

Kilichofuata ndicho kilichoninyima usingizi. Mwanasaikolojia Itiel Dror na wenzake waliwachukua wataalamu watano wa alama za vidole wenye uzoefu. Kila mmoja alipewa jozi ya alama ambayo yeye mwenyewe, miaka iliyopita, aliwahi kuamua kazini kwamba zinafanana. Hawakuambiwa hivyo. Waliambiwa kwamba hizi ndizo zile za Mayfield ambazo FBI walikosea. Wanne kati ya watano wakabadilisha uamuzi wao: watatu wakasema hazifanani, mmoja akasema hawezi kuamua. Alama ni zilezile na macho ni yaleyale. Kilichobadilika ni hadithi waliyosimuliwa kabla ya kuangalia.

Madam alitufanyia mchezo huo bila kututahadharisha. Kundi moja lilipewa alama mbili likaambiwa mtuhumiwa ameshakiri. Kundi la pili likapewa zilezile bila maelezo yoyote. Waliosikia habari ya kukiri wengi wao waliona zinafanana. Upande wa pili wengi walisema hazitoshi kuamua. Ndiyo maana siku hizi maabara makini humficha mchunguzi habari asizozihitaji: asijue mtuhumiwa ni kabila gani, ana kesi gani za zamani, wala mkuu wa kituo anatamani jibu lipi.

Kwa wanaosomea ualimu, hapa pana jambo letu. Ukishika rundo la mitihani na ukajua hii ni ya yule kijana msumbufu wa nyuma, umeshasimuliwa hadithi kabla ya kusahihisha. Namba za mtihani badala ya majina zina kazi.

Nije kwenye vinasaba, au DNA kama wengi tulivyozoea. Septemba 1984, kwenye Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, Alec Jeffreys aligundua namna ya kutofautisha watu kwa vinasaba. Muda si mrefu njia hiyo ikapelekwa kwenye kesi ya mauaji ya wasichana wawili wa eneo hilohilo, mmoja aliyeuawa 1983 na mwingine 1986. Polisi walikuwa na kijana wa miaka 17 aliyekiri mauaji ya pili. Walitaka vinasaba vithibitishe na lile la kwanza. Majibu yakaja: wasichana wote wawili wameuawa na mtu mmoja, na mtu huyo si kijana huyu. Polisi wakawapima wanaume kama 5,000 wa vijiji vya jirani bila mafanikio, kwa sababu muuaji, Colin Pitchfork, alimtuma mfanyakazi mwenzake akatoe damu kwa jina lake. Siri ilipovuja akakamatwa, na mwaka 1988 akahukumiwa. Watu humkumbuka Pitchfork. Mimi namkumbuka yule kijana aliyekiri kitu ambacho hakukifanya, maana mtu wa kwanza kunufaika na vinasaba kwenye kesi ya mauaji hakuwa polisi, alikuwa ni yeye.

Namkumbuka kwa sababu na sisi tunaye wetu. Mwaka jana, kwenye hosteli moja, kijana wa mwaka wa kwanza alishikwa kwa sababu alionekana mwisho koridoni kabla laptop haijapotea. Alipigwa mpaka jino likatoka. Akakiri. Waliompiga walitembea kifua mbele wiki nzima wakisema si mnaona, amekiri mwenyewe. Laptop ilikuja kuonekana kwa fundi mjini, imepelekwa na mtu mwingine kabisa ambaye wala hakai hosteli ile. Jino halikurudi. Hapakuhitajika mashine yoyote kumwokoa yule kijana. Ilitosha mtu mmoja aulize: kuonekana koridoni kunathibitisha nini, kwenye koridori ya watu 80?

Hilo swali ndilo hesabu ya vinasaba. Chukua mfano. Maabara imepata vinasaba nusunusu, vilivyochakaa, na inasema mpangilio kama huu hupatikana kwa mtu 1 kati ya milioni 1. Umemkuta mtu mtaani, ukampima, vinaoana. Wengi watasema: basi uwezekano wa kuwa hana hatia ni mmoja kwa milioni. Si kweli. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu Watanzania 61,741,120. Kwa kiwango hicho, wapo watu kama 61 nchini wenye mpangilio huo, na huyu ni mmoja wao. Bila ushahidi mwingine wa kumweka eneo la tukio, una mtu 1 kati ya 61. Vinasaba vikiwa kamili namba huwa kubwa mno kuliko hizi na shaka hupungua sana, lakini swali halibadiliki: wangapi wengine wangeweza kuoana? Ndiyo sababu mtaalamu mzuri haandiki "ni yake". Anaandika "vinaoana na vyake", kisha anataja namba.

Uchafuzi nao usisahauliwe. Ujerumani ilimtafuta kwa miaka mwanamke mmoja ambaye vinasaba vyake vilionekana kwenye matukio kama 40, Ujerumani, Austria na Ufaransa, likiwemo la kuuawa kwa askari wa kike mjini Heilbronn mwaka 2007. Wizi, mauaji, dawa za kulevya, kila mahali yumo. Mwaka 2009 ikabainika hakuna mhalifu wa namna hiyo. Vinasaba vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimeuliwa vijidudu, ila kuua vijidudu si kuondoa vinasaba.

Siku mbili za mwisho tulikuwa na mahakama ya kuigiza, na hapo ndipo timu yetu ilipopata kipigo ambacho hakuna kitabu kingetufundisha. Mwenzetu wa baiolojia ndiye aliyekamata kisu kwenye lile eneo la tukio. Alikifunga vizuri, akaweka lakiri, akajaza fomu: kilikamatwa saa 4:15. Maabara ikasaini kukipokea 10:40. Mwanafunzi wa Kihindi aliyecheza wakili wa utetezi akasimama taratibu. Saa 4:15 ya lini? Kama ni alfajiri, kisu kilikuwa kwa nani kwa saa sita na nusu? Kama ni alasiri, maabara ilikipokeaje zaidi ya saa tano kabla hakijakamatwa? Sisi sita tulielewa papo hapo: ni saa nne na robo asubuhi, saa za Kiswahili. Mahakama haikuelewa. Kisu kikatolewa kwenye ushahidi, na kesi ikafa nacho. Tukacheka, Madam hakucheka. Alisema ameona kesi za kweli zikifa kwa kitu kidogo kuliko hicho.

Mnyororo wa utunzaji wa vielelezo maana yake ni hiyo: karatasi inayoonyesha kwa mpangilio nani alikamata, nani akatunza, nani akahamisha, nani akapima, saa ngapi, bila pengo. Mwenzetu wa sheria anasema kwetu hukumu inayonukuliwa sana ni ya Mahakama ya Rufani kwenye shauri la Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Namba 110 ya mwaka 2007, na kwamba baadaye Mahakama imeeleza masharti yanaweza kulegezwa kwa vitu visivyoweza kubadilishwa kirahisi. Nguo, damu na unga wa dawa za kulevya havimo kwenye kundi hilo la kulegezewa.

Nyumbani kazi hii ipo. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo inayopima vinasaba, sumu na dawa za kulevya, na Jeshi la Polisi lina wachunguzi wake wa alama za vidole na nyaraka. Vinasaba vya binadamu vina sheria yake ya mwaka 2009. Hauendi dirishani na unywele wa mtu ukaomba apimwe. Kwa hiyo anayetaka nimtafutie aliyeiba simu, aende polisi, na kabla ya hapo atoke nje ya chumba, afunge mlango, asiruhusu mtu aingie, aandike nani walishaingia na waligusa nini.

Kuna jambo moja ambalo ni zito kuliko simu na laptop, na ndilo niliahidi kulirudia. Mtu akibakwa, iwe hosteli, iwe mtaani, iwe kwa mtu anayemfahamu, mara nyingi kitu cha kwanza anachotamani ni kuoga na kufua, au kuchoma zile nguo. Inaeleweka kabisa, na aliyeshaoga asikate tamaa, bado aende. Lakini akiweza, asioge kwanza, asifue. Nguo ziwekwe kwenye bahasha za kaki au zifungwe kwa karatasi safi, kila nguo peke yake, zisiwekwe kwenye mfuko wa nailoni. Kama ameshabadilisha, zile alizozivaa wakati wa tukio aende nazo. Hospitali ni haraka kuliko vyote, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyosaidia. Fomu ya PF3 hutolewa polisi, ambako kuna Dawati la Jinsia na Watoto; baadhi ya hospitali zina vituo vya mkono kwa mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana sehemu moja. Asiende peke yake. Wewe rafiki unayemsindikiza, usimhoji njiani, usimpangie maneno. Kazi yako ni kubeba bahasha, na kuandika kwenye karatasi jina la kila anayezipokea na muda. Andika 22:40, usiandike saa nne na dakika arobaini.